Kuchagua vifaa vya kurekodia video katika karakana: mwongozo kwa fundi asiye mtaalamu wa kamera

Mafundi wengi wa Dar es Salaam, kuanzia maseremala wa Keko hadi wachomeleaji wa Gerezani, wameshaona kwamba mteja wa siku hizi hupenda kuiona kazi ikifanyika kabla ya kutoa malipo ya awali. Picha ya kabati lililokwisha kupigwa vanishi humwonyesha umbo na rangi, lakini haimwonyeshi kama mbao zimechongwa zikaingiliana au zimegongelewa misumari tu. Video ya dakika mbili humwonyesha. Fundi anapoamua kurekodi, ndipo fedha zake zinapoanza kupotea, kwa kuwa muuzaji humwelekeza kwenye kamera kubwa, taa ya mviringo na stendi ndefu inayong'aa, bila kumwuliza anafanya kazi gani, katika banda la namna gani, na karibu na kelele zipi.

Nimekaa na mafundi kwa muda mrefu nikiwasaidia kurekodi kazi zao, na karibu kila mara nimekuta kwamba kamera si tatizo lao. Simu waliyo nayo inatosha kwa mwaka wa kwanza na hata wa pili. Kinachowaangusha ni sauti isiyosikika, picha isiyotulia na mwanga unaotoka upande usiofaa, na kwa kawaida ni kwa mfuatano huo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya fundi ambaye hataki kusomea upigaji picha, bali anataka kujua atoe fedha kwa kifaa gani kwanza, na kifaa gani akiache dukani.

Anza kwa jaribio la dakika mbili

Kabla hujaenda dukani, chukua simu uliyo nayo sasa, futa lenzi yake kwa kitambaa safi cha pamba, iegemeze kwenye tofali au kopo la rangi, kisha rekodi dakika mbili za kazi yako ya kawaida, mahali pako pa kawaida na saa yako ya kawaida, huku ukieleza kwa sauti unachokifanya. Usifagie karakana wala usimwombe jirani azime jenereta, maana video zako zote zitarekodiwa katika mazingira hayo hayo.

Jioni, ukiwa mahali tulivu, itazame video hiyo mara tatu. Mara ya kwanza fumba macho usikilize tu. Mara ya pili zima sauti, uangalie kama picha inatikisika na kama mikono yako inatoka nje ya picha wakati kazi imefika mahali muhimu. Mara ya tatu angalia mwanga peke yake: je, uso na mikono vinaonekana, au vimekuwa kivuli cheusi mbele ya mlango ulio wazi? Kisha mpe video hiyo mtu asiyeijua kazi yako, umwombe akueleze alichoelewa. Mahali atakapokwama patakuonyesha kasoro ambayo wewe mwenyewe huioni, kwa sababu unaijua kazi na akili yako hujaza kila kinachokosekana. Kasoro iliyo kubwa kuliko zote ndiyo itakayotengewa fedha ya kifaa cha kwanza. Itunze video hiyo ya majaribio, kwa kuwa utaihitaji tena baada ya kununua.

Simu

Ikiwa simu yako inarekodi kwa kiwango cha 1080p, yaani picha yenye pikseli 1920 kwa 1080, haina haja ya kubadilishwa. Watazamaji wako wengi wataiona video hiyo kwenye kioo kidogo cha simu, tena baada ya kubanwa na WhatsApp au mtandao mwingine, na tofauti kati ya 1080p na 4K, yaani kiwango chenye pikseli mara nne zaidi, haitaonekana machoni pao. Tofauti itakayoonekana ni ya nafasi na bando. Dakika moja ya 1080p kwa kasi ya fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 60 hadi 130, kutegemea jinsi simu inavyoihifadhi, ilhali dakika moja ya 4K kwa kasi hiyo hiyo hufika kati ya megabaiti 170 na 350. Video ya dakika tano ya 4K inaweza kukaribia gigabaiti 2, na kuipandisha mtandaoni ni kula bando la wiki nzima. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, chagua 1080p na fremu 30, uache hapo.

Ukilazimika kununua simu nyingine, usidanganyike na wingi wa lenzi nyuma yake. Simu nyingi za bei nafuu huwekewa lenzi ya pili na ya tatu zenye pikseli chache sana, ambazo hazina kazi kubwa zaidi ya kupamba mgongo wa simu. Angalia mambo haya: nafasi ya kuhifadhi isipungue gigabaiti 128, kwa kuwa mfumo wa simu na programu hula sehemu kubwa yake, uwepo wa mfumo wa kutuliza picha ndani ya lenzi yenyewe, ambao hupunguza mtikisiko wa mkono, na tundu la hedifoni la duara, ambalo simu nyingi mpya hazina, lakini ambalo humwokoa fundi gharama ya adapta. Rekodi kwa kamera ya nyuma, kwa kuwa ile ya mbele mara nyingi ni dhaifu zaidi, na usivute picha kwa vidole ili kukuza. Sogeza simu karibu na kazi.

Kwa simu iliyokwisha kutumika, bonyeza *#06# ili upate namba ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ili kuhakikisha kwamba simu si bandia. Mwezi Juni mwaka 2016 simu bandia zilizimwa nchini, na anayenunua bila kuhakiki hujiweka katika hatari ya kupoteza simu pamoja na video zake.

Jambo moja kwa mafundi wa pikipiki. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko mkali wa injini za pikipiki, ukidumu, unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha ndani ya kamera ya simu. Mfumo wa namna hiyo unapatikana pia katika simu za kampuni nyingine. Kwa hiyo usiifunge simu yako kwenye usukani wa bodaboda ili kuonyesha jinsi injini uliyoitengeneza inavyokwenda. Mwombe mtu aishike simu, au iweke kando, uirekodi pikipiki ikiwa imesimama.

Sauti, mahali pa kuweka fedha ya kwanza

Mtazamaji huvumilia picha isiyo safi, lakini asiposikia maneno huacha kutazama. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa mdomo ulio karibu, na simu iliyo umbali wa mita mbili hupokea sauti yako pamoja na kila kitu kingine kilichomo bandani. Kila unapouzidisha umbali kati ya mdomo na maikrofoni mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hupungua hadi robo, wakati kelele ya jenereta ya jirani inabaki vile vile. Hakuna mpangilio wa simu unaoweza kurekebisha hali hiyo. Dawa yake ni kuisogeza maikrofoni kifuani.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwa kazi hii huenda tayari unacho nyumbani, yaani simu ya pili. Iweke kwenye mfuko wa shati, upande wa maikrofoni ukiwa juu, washa programu ya kurekodi sauti, kisha piga makofi mara moja mbele ya simu inayorekodi picha. Wakati wa kuhariri, ulinganishe mlio wa kofi katika rekodi zote mbili, na sauti itaoana na midomo. Nimewaona mafundi wakifanya hivi kwa mwaka mzima bila kununua chochote, na video zao zinasikika vizuri kuliko za wenye kamera kubwa.

Ukiamua kununua, kuna njia mbili. Ya kwanza ni maiki ndogo ya waya inayobanwa kwenye kola. Ile inayojulikana sana, Boya BY-M1, ina waya wa mita 6, betri ndogo ya duara, na swichi ya kuchagua kati ya simu na kamera. Ukiitumia kwa simu huku swichi ikiwa upande wa kamera, utapata sauti mbovu au usipate kabisa, na wengi hudhani maiki imekufa. Itazame pia pini yake. Pini ya maiki ya simu ina mistari mitatu inayozunguka chuma, na ile ya kamera ina mistari miwili. Maiki yenye pini ya mistari miwili ukiichomeka moja kwa moja kwenye simu, simu haitaitambua, na itaendelea kurekodi kwa maikrofoni yake yenyewe bila kukuambia. Kwa simu isiyo na tundu la duara utahitaji adapta ya tundu la chaji, na hapo ni lazima ujaribu ukiwa bado dukani, kwa kuwa adapta inayofanya kazi kwa simu moja inaweza kukataa kwa nyingine.

Njia ya pili ni maiki isiyo na waya, ambayo kipokezi chake huchomekwa kwenye tundu la chaji. Zipo za bei ya chini sana zinazouzwa katika kila kona ya Kariakoo, na zipo za kampuni zenye jina ambazo bei yake inaweza kuizidi ya simu yenyewe. Zile za bei ya chini zinatosha kwa mtu anayesimama mita tatu au nne kutoka kwenye simu. Kabla ya kulipa hakikisha umbo la kipokezi linaingia kwenye simu yako: simu nyingi za Android hutumia tundu la USB-C, na iPhone zilihamia tundu hilo kuanzia toleo la 15 la mwaka 2023, lakini zilizotangulia zina tundu lao tofauti. Uliza pia kama kipokezi kina tundu la kupitishia chaji, maana bila hilo huwezi kuchaji simu ukiwa unarekodi.

Kwa baadhi ya mafundi uchaguzi kati ya njia hizi mbili unahusu usalama wa mwili kuliko bei. Ikiwa unafanya kazi kwenye mashine ya kukereza, drili ya kusimama, msumeno wa duara au kitu chochote kinachozunguka, usivae waya unaoning'inia. Waya ukinaswa na mashine utakuvuta pamoja na nguo yako kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Fundi wa namna hiyo achague maiki isiyo na waya, au asivae maiki kabisa wakati mashine inazunguka. Ushauri huu ninauomba ufuatwe hata kama hakuna kingine chochote katika mwongozo huu kitakachofuatwa.

Ukiwa uani, funika maiki kwa sponji au kwa kofia yake ya manyoya, kwa sababu upepo mdogo tu wa pwani hugeuka kuwa mngurumo. Tena ukubali kwamba hakuna maiki itakayoishinda randa ya umeme au grainda, ambazo kelele yake hupita desibeli 90. Wakati mashine inanguruma, usieleze. Acha watu wasikie sauti ya kazi kwa sekunde chache, kisha eleza mashine ikiwa imezimwa. Au rekodi maelezo baadaye ukiwa ndani ya gari lililofungwa vioo au chumba chenye godoro na mapazia, uyaweke juu ya picha. Mafundi wengi huona njia hii ya pili ni rahisi zaidi, kwa kuwa mikono na ulimi havigombanii akili kwa wakati mmoja.

Stendi, na kwa nini seremala hana haja ya kuinunua

Stendi ya miguu mitatu inayouzwa kwa bei ndogo huwa nyepesi mno, na katika banda lenye watu wanaopita na mbao zinazoburutwa itaangushwa mapema. Fundi anahitaji kitu kimoja ambacho stendi hizo hazifanyi vizuri, nacho ni kuishika simu juu ya meza ya kazi ikitazama chini, ili mikono, chombo na alama ya penseli vionekane kama mwenye mikono anavyoviona yeye mwenyewe.

Kifaa hicho unaweza kukitengeneza. Nunua kishikio cha simu peke yake, kile chenye taya mbili za springi na tundu la skrubu chini yake. Tundu hilo duniani kote lina kipimo cha robo inchi, chenye nyuzi 20 kwa kila inchi. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba boliti ya robo inchi yenye nyuzi pana, itaingia. Ukipewa ya milimita 6 italegea au itakwama, kwa kuwa robo inchi ni milimita 6.35 na nyuzi za aina hizo mbili hazilingani. Toboa ubao wa inchi mbili kwa moja, pitisha boliti, kaza kwa nati na kiringi bapa cha washa, na mkono wa stendi umekamilika. Ubao huo ufunge kwenye boriti ya paa au kwenye nguzo iliyochimbiwa chini. Usiufunge kwenye meza ya kazi, kwa sababu kila pigo la nyundo litapanda hadi kwenye picha.

Fundi cherehani anaweza kuufunga mkono huo ukutani juu ya mashine yake. Fundi bomba na fundi umeme, ambao kazi yao iko nyumbani kwa mteja na hawana boriti yao wenyewe, hao ndio wanaofaidika na stendi ndogo yenye miguu inayopinda, ambayo huzungushwa kwenye bomba, mlango wa kabati au ngazi. Kwao ndiyo stendi ya kununua, tena ile nene, kwa kuwa nyembamba huinama polepole kadiri rekodi inavyoendelea.

Kifaa cha umeme cha kushikia simu isitikisike wakati wa kutembea kinamfaa fundi wa kumalizia nyumba anayetaka kumtembeza mtazamaji chumba hadi chumba. Kwa wengine wote ni gharama isiyo na faida.

Mwanga

Kifaa cha kwanza cha mwanga ni kusogea. Mabanda mengi yana paa la bati, giza ndani na jua kali nje, na fundi husimama amelipa jua mgongo. Geuka. Weka meza pembezoni mwa kivuli, uso wako na kazi yako vikitazama uwanjani, na simu iwe upande wa uwanja ikitazama ndani. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta jua la kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri huwa juu ya kichwa na hutia vivuli vyeusi chini ya macho na chini ya mikono. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, mwanga huja kwa ubavu na kuonyesha vizuri nyuzi za mbao na mistari ya mshono. Upande wenye giza uwekee kipande cha ubao wa MDF kilichopakwa rangi nyeupe, au shuka jeupe, kirudishe mwanga.

Wanaofanya kazi usiku au ndani ya nyumba watahitaji taa. Taa ya mviringo inamfaa msusi na mshonaji, lakini haimfai seremala wa vanishi, fundi vigae wala fundi alumini na vioo, kwa kuwa duara lake lote huonekana likiwaka juu ya kila kitu kinachong'aa. Hao wachague taa bapa ya LED, waiweke kando na juu kidogo, mbele yake watundike kitambaa cheupe chepesi kisichogusa taa.

Taa yoyote ijaribiwe dukani kwa kamera ya simu. Umeme wetu una hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa iliyotengenezwa vibaya huzima na kuwaka mara mbili kwa kila wimbi, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera huonyesha mistari ya giza inayopanda au kushuka. Ukiiona mistari hiyo, omba nyingine. Kama taa ni zile zile za karakana ambazo huwezi kuzibadilisha, tafuta katika mipangilio ya kamera sehemu ya kuzuia kumetameta kwa taa, uchague hezi 50, au urekodi kwa fremu 25. Wale ambao mteja huchagua kwa rangi, yaani mafundi rangi, washonaji na wanaofanya kazi ya mninga, wasome kwenye boksi la taa kiwango cha CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, wasichukue chini ya 90, na wasichanganye mwanga wa dirisha na balbu ya njano katika picha moja, maana kitambaa cheupe kitatoka cha buluu upande mmoja na cha njano upande wa pili.

Kwa wachomeleaji

Kazi ya kuchomelea ina matatizo yake. Mwanga wa arki ni mkali kiasi kwamba kamera huona doa jeupe na giza pande zote. Chukua glasi ya kinga ya welda, namba 10 au 11, iweke mbele ya lenzi, na utaona ukingo wa chuma kilichoyeyuka na jinsi unavyokwenda. Picha itakuwa ya kijani, na hilo halina ubaya. Glasi hiyo hiyo huikinga lenzi dhidi ya matone ya chuma cha moto. Cheche za grainda nazo huchoma glasi zikaacha vidoa visivyofutika, hivyo simu ikae nje kabisa ya njia yake.

Anayeshika simu, ambaye mara nyingi ni kijana anayejifunza kazi, naye avae kinga ya macho na nguo ya mikono mirefu. Wengi hudhani kwamba anayetazama kioo cha simu yuko salama, lakini mionzi humfikia kutoka pembeni ya simu na kutoka kwenye kuta za bati, na usiku ataamka macho yakimwuma kama yametiwa mchanga. Kama huna kinga ya pili, weka simu kwenye stendi, umwondoe kijana.

Kamera kubwa na kamera ndogo za kuvaa

Swali la kamera kubwa ninaulizwa mara nyingi. Jibu langu ni kwamba fundi asiinunue mpaka awe amerekodi na kuzitoa video angalau ishirini kwa simu. Kamera hizo zinahitaji lenzi, kadi ya kumbukumbu, betri za ziada, kompyuta ya kuhariria na muda wa kujifunza. Nyingi za zamani, ambazo ndizo zinazouzwa mitumba, huacha kurekodi zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59. Nyingine hazina kabisa tundu la maiki; Canon 1200D na 2000D, kwa mfano, hazina, na mnunuzi hugundua akiwa amekwisha kununua maiki. Atakayenunua aanze kwa kulitafuta tundu hilo ubavuni mwa kamera.

Kamera ndogo ya kuvaa kifuani au kichwani, ya aina ya GoPro, ina wanaoifaidi kweli: fundi paa, fundi wa kuchimba visima na fundi bomba anayeingia chini ya sinki, mahali ambapo mikono yote miwili inahitajika na simu haiwezi kusimama. Matoleo mengi ya GoPro kuanzia HERO5 ya mwaka 2016 huhimili maji hadi kina cha mita 10 bila kasha. Udhaifu wake ni kwamba haipendi giza, na picha yake pana huvifanya vitu vidogo vionekane vidogo zaidi, hivyo haimfai fundi saa wala fundi simu.

Umeme, kadi na vumbi

Pawabanki yenye ujazo wa mAh 10,000 haijazi simu yenye betri ya mAh 5,000 mara mbili, kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani. Tarajia mara moja na robo hadi mara moja na nusu, na kwa siku ya kurekodi hiyo inatosha. Simu ikipata joto itajizima au kupunguza ubora. Apple huelekeza simu zake zitumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na ndani ya banda la bati mwezi Januari kiwango hicho hupitwa kirahisi, kwa hiyo vua kava na usiiache juani kati ya rekodi moja na nyingine.

Kwa anayetumia kadi ya kumbukumbu, achague yenye alama ya V30 au U3, zote mbili zikimaanisha kwamba inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Kadi bandia ni nyingi, na hila yake ni kuonyesha gigabaiti 128 ilhali ndani ina 8. Video za mwanzo huhifadhiwa, zinazofuata hupotea. Programu ya bure ya H2testw katika kompyuta ya Windows huijaza kadi na kuisoma tena ili kufichua udanganyifu huo. Mpe fundi wa kompyuta aipime kadi hiyo kabla hujairekodia kazi ya mteja.

Vumbi la mbao na la saruji huingia kwenye tundu la chaji na kwenye vitundu vya maikrofoni. Mafundi wana mazoea ya kupuliza kila kitu kwa kompresa; simu na maiki visipulizwe hivyo, kwa kuwa presha yake hupasua utando mwembamba wa maikrofoni, na hewa yake hubeba maji na mafuta. Tumia brashi laini, na vifaa vikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko.

Siku ya kununua

Nenda dukani na simu yako yenyewe ikiwa na chaji na nafasi, pamoja na ile video ya jaribio. Usikubali kuonyeshwa kifaa kikifanya kazi kwenye simu ya muuzaji. Chomeka maiki, rekodi nusu dakika ukiwa mlangoni penye kelele za magari, kisha ikwaruze maiki kwa ukucha huku bado unarekodi. Ukisikiliza, mkwaruzo ukisikika kwa nguvu, maiki ndiyo inayorekodi. Ukisikika kwa mbali, simu inatumia maikrofoni yake na kifaa hakijatambuliwa. Andikiwa risiti yenye jina la kifaa na makubaliano ya kukirudisha, hata kama ni kwa siku mbili tu. Siku hiyo hiyo, rudi kwenye meza yako na urudie jaribio la dakika mbili pale pale, saa ile ile, kwa kazi ile ile, uzitazame video hizo mbili kwa kufuatana. Ikiwa mtu yule yule aliyekwama mara ya kwanza bado anakwama mahali pale pale, kifaa kirudi dukani kesho yake asubuhi.